Pampu ya mafuta ya gari: maswali ya anayetaka kuibadilisha mwenyewe nyumbani

Haya ni maswali ninayoulizwa na majirani tangu waone siti ya nyuma ya gari langu imelala chini ya mwembe na mimi nimeinamia tangi. Mimi si fundi wa kazi. Ninachokijua nimekipata kwenye IST yangu yenye injini ya 1NZ, na kwenye magari ya jamaa: Vitz, Platz na Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000, yale yaliyojaa mitaani kwetu. Kama gari lako ni la aina nyingine, soma upate mwanga, lakini vipimo na mpangilio ufuate kitabu cha gari lako.

Dalili gani zinaonyesha kwamba pampu inakufa?

Kubwa ni gari kukosa nguvu linapobeba mzigo: mlimani, ukiwa na abiria wanne, au unapotaka kulipita lori. Kwenye tambarare halina neno. Gari la namna hiyo linaweza kuzunguka Dar mwezi mzima bila kulalamika, likaja kukuumbua kwenye mlima wa Kitonga. Nyingine ni gari kuzima likishapata moto. Ukiliacha nusu saa likapoa, linawaka kama vile halikuwa na kitu. Kuna mlio wa nyuki chini ya siti ya nyuma unaopanda siku hadi siku. Na kuna lile la asubuhi kupiga stata mara tatu nne ndipo liwake. Hapo mara nyingi mota yenyewe ni nzima, ila vali ndogo inayozuia mafuta yasirudi tangini imelegea, presha yote imeshuka usiku.

Shida ni kwamba kila dalili hapo ina pacha wake. Plagi zilizochoka, koili, chujio lililoziba, sensa ya kranki (inayosoma mzunguko wa injini), vyote hivyo vinaweza kukuletea sura ileile. Dalili zikupe shaka tu, hukumu iachie kipimo.

Nikifungua swichi sisikii mlio wowote nyuma. Si imekufa hiyo?

Swali hili limewatoa watu pesa bure. Kuna magari ambayo ukifungua swichi tu, pampu inanguruma sekunde mbili kisha inanyamaza. Toyota nyingi za umri tunaouzungumzia hazifanyi hivyo. Kompyuta ya injini inairuhusu pampu kufanya kazi pale tu unapopiga stata na ikapata taarifa kwamba injini inazunguka. Kwa hiyo ukimya wa swichi kwenye gari kama langu ni kawaida.

Sikiliza wakati mtu mwingine anapiga stata, wewe ukiwa umeweka sikio kwenye siti ya nyuma, au kifuniko cha tangi kikiwa wazi. Kama kuna mtu mwenye mashine ya kupimia inayoweza kuiamuru pampu iwake bila injini, ni rahisi zaidi.

Nianze kupima wapi kabla sijanunua chochote?

Anza na umeme. Pampu ya kwanza niliyowahi kununua bado iko kabatini ndani ya boksi lake, maana ugonjwa ulikuwa waya wa ethi (wa hasi, unaofungwa kwenye bodi) ulioliwa na kutu chini ya zulia. Nilikuwa nimeshang'oa kila kitu ndipo nikauona.

Fungua boksi la fyuzi, tafuta yenye maandishi EFI, itoe uiangalie kwenye mwanga. Kisha rilei, ile swichi ndogo ya boksi inayowashwa na umeme. Toyota huiandika ile ya pampu C/OPN, na mara nyingi ndani ya boksi hilohilo kuna rilei nyingine inayofanana nayo kwa umbo na kwa namba. Zibadilishane nafasi. Kama gari limewaka, umemaliza, nenda kanunue rilei.

Baada ya hapo ndipo unafika kwenye soketi ya waya juu ya pampu. Weka multimita (mita ya kupimia umeme) kwenye waya wa chanya na wa hasi wa pampu, mwenzako apige stata. Umeme unapaswa kukaribia ule wa betri. Wakati wa stata betri yenyewe hushuka hadi volti 10 na kitu, usishtuke. Umeme ukifika vizuri na pampu haisemi neno, hapo ndipo unaweza kuituhumu. Ukiwa umeitenganisha, pima na ukinzani wa mota: kwa Toyota hizi kitabu kinataka omu 0.2 hadi 3.0 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Mita ikikuonyesha kwamba hakuna njia kabisa, mota imekatika.

Umeme usipofika, usiiguse pampu. Na kwetu huku kuna mtuhumiwa ambaye vitabu vya Japani havimtaji: swichi ya siri ya kukata mafuta, au kile kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na aliyekukopesha pesa za gari au na mwenye gari wa kabla yako. Wengi huukata waya wa pampu na kuuchomekea rilei yao, wakafunga kwa utepe, basi. Baada ya miaka miwili ya vumbi na joto kiungo kinalegea, gari linazima katikati ya barabara. Fuata waya huo kwa macho kabla hujafuata nadharia.

Mwisho, sensa ya kranki. Nimesema kompyuta haiiruhusu pampu mpaka ijue injini inazunguka. Anayeijulisha ni sensa hiyo. Ikifa, unakosa moto wa plagi na pampu pia inanyamaza, na wewe unaona pampu haina umeme. Kwenye mashine ya kupimia angalia mizunguko ya injini unapopiga stata. Ikibaki sifuri, au ukakuta kodi ya hitilafu P0335, pampu haina kosa.

Na presha ya mafuta?

Kama unaweza kuazima geji ya presha, azima. Kwa 1NZ presha ni kati ya kPa 304 na 343, yaani psi 44 hadi 50. Ukizima injini, baada ya dakika 5 isishuke chini ya kPa 147. Ikianza vizuri halafu ikaporomoka, ni vali, regyuleta ya presha au nozeli inayovuja. Ikiwa chini tangu mwanzo, ni pampu au chujio. Geji hii humaliza ubishi wa saa nzima kwa dakika tano.

Ni kweli kwamba ukiligonga tangi gari linawaka?

Ni kweli mara nyingine. Brashi za mota zikisagika hazigusi vizuri, na mtikisiko unazirudisha. Gonga kwa nyundo ya mpira, au kwa kisigino cha kiatu, kwenye kitako cha tangi huku mwenzako akipiga stata. Kama limewaka, umepata jibu na umepata nafasi ya kufika nyumbani. Usikae nalo wiki.

Kwa nini pampu zinakufa mapema kwetu?

Pampu hii imezama ndani ya petroli, na petroli inapita katikati ya mota yenyewe. Ndiyo maji yake ya kupozea na ndiyo oili yake. Sasa sisi tuna mtindo wa kuweka ya elfu kumi kila siku na kutembelea taa. Mafuta yakiwa kidogo, pampu inapata joto, na kwenye kona inavuta hewa. Jamaa yangu mmoja anayefanya kazi ya teksi alishabadilisha mbili kabla hajakubali kwamba taa ya njano si geji.

Watu hulaumu mafuta yaliyochakachuliwa. Uchakachuaji upo, ndiyo maana EWURA, mamlaka inayosimamia nishati Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa lita ili kupunguza hamu ya kuyachanganya. Lakini mimi, kila chujio nililolifungua, nililolikuta ni vumbi, kutu na matope mepesi ya maji. Hayo yanaziba chujio, pampu inavuta kwa shida, inachemka, inakufa.

Kazi hii naiweza? Zana gani?

Kama umewahi kubadilisha betri na plagi bila kuita mtu, na gari lako lina mlango wa pampu chini ya siti ya nyuma, unaiweza kwa nusu siku. Unahitaji spana ya boksi ya 8, ya 10 na ya 12, bisibisi bapa na ya nyota, multimita, brashi, vitambaa vya pamba, glavu zisizoyeyushwa na petroli, na mtungi wa kuzimia moto wa poda kavu, umejaa, uwe karibu na mkono. Mtungi huo usiuhesabu kama hiari.

Yapo magari ya kuachia fundi. Toyota zenye injini ya D-4, zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama 1AZ-FSE ya Noah na Premio za cc 2000, zina pampu ya pili juu ya injini ambayo presha yake inazidi hii mara zaidi ya 20, hiyo usiifungue. Honda Fit za mwanzo tangi lao liko chini ya viti vya mbele, habari yake ni nyingine. Pikapu nyingi zinataka tangi lishushwe, na tangi la petroli juu ya jeki ya nyumbani sitaki hata kulifikiria. Dizeli hazimo kabisa humu.

Hatari yenyewe ni ipi hasa?

Ni mvuke. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze mchana wa Tanga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa: haupandi ukapotea, unashuka na kutambaa sakafuni hadi ukutane na moto. Moto wenyewe unaweza kuwa jiko la mkaa la jirani upande wa pili wa uzio, dawa ya mbu inayofuka barazani, friji inayojiwasha, au cheche ya waya wa betri.

Kwa hiyo usifanyie kazi hii gereji iliyofungwa wala kibarazani karibu na jiko. Toka nje, penye upepo, milango yote ya gari wazi. Simu iache mezani. Mwanga wa jua unatosha. Kama hautoshi, subiri kesho, usilete taa ya balbu inayoning'inia kwenye waya. Gusa chuma cha bodi kabla ya kufungua tangi ili umeme tuli uliomo mwilini na kwenye nguo uishe. Watoto wasogee. Moto ukitokea usimwagie maji, petroli itaelea juu yake na kusambaa nao. Tumia poda, au kimbia.

Tangi limejaa. Niyanyonye mafuta kwa mpira?

Usinyonye petroli kwa mdomo, hata kama babu alifanya hivyo miaka 30. Kidogo kikiteleza kuingia mapafuni ni hospitali, na aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hivyohivyo. Njia rahisi ni kuliendesha gari, kama linatembea, mpaka libaki na robo. Kama limekwama, nunua pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta na dumu lililotengenezwa kwa petroli.

Nifuate mpangilio gani?

Injini iwe imepoa. Ng'oa siti ya nyuma. Kwenye nyingi unaivuta juu kwa nguvu upande wa mbele, nyingine zina bolti. Utaona kifuniko cha bati au plastiki kilichobandikwa kwa gundi nyeusi. Kitoe taratibu bila kukipinda.

Chomoa soketi ya waya ya pampu, kisha washa injini, liache gari lizime lenyewe. Piga stata mara moja tena. Hapo umeishusha presha kwenye paipu. Zima swichi, toa ncha ya hasi ya betri, fungua kifuniko cha kujazia mafuta tangi lipumue.

Sasa safisha. Nasisitiza kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Juu ya tangi la gari lililotembea barabara za vumbi kuna udongo wa kupandia mchicha. Brashi kwanza, kitambaa kibichi baadaye, mpaka chuma kionekane. Ukifungua kabla ya hapo, udongo wote unaangukia kwenye mafuta na pampu mpya inaanza maisha kwa kula mchanga.

Paipu ya mafuta ina kibanio cha plastiki. Zungushia kitambaa, maana matone yatatoka, bana masikio yake mawili na uvute kwa mkono. Usikichokoe kwa bisibisi. Plastiki ya miaka 20 ni kama biskuti. Kikigoma, sukuma paipu ndani kidogo, geuzageuza, halafu vuta.

Legeza bolti za pete inayoishikilia pampu kwenye tangi kwa mtindo wa msalaba, moja kisha ya upande wa pili. Kama gari lako lina pete kubwa ya kuzungusha, tumia kipande cha mbao na nyundo, usitumie patasi ya chuma kwa ajili ya cheche. Inua pampu polepole, iache ichuruzike ndani ya tangi, kisha iinamishe ili mkono wa geji wenye kiboya upite bila kupinda. Ukishaitoa, funika tundu kwa plastiki safi papo hapo.

Iweke ya zamani na mpya sambamba mezani. Linganisha urefu, upande wa kutokea mafuta, umbo la soketi, mahali pa chujio. Ikitofautiana, irudishe dukani kabla hujaifungua zaidi.

Kurudisha ni kinyume chake, kwa nyongeza chache. Oringi (pete ndogo za mpira za kuziba) ziwe mpya na uzilowanishe kwa petroli safi. Mpira mkubwa wa mdomo wa tangi uwe mpya pia. Wa zamani ukishatoka huvimba na hauingii tena mahali pake. Usipake silikoni ya kawaida, petroli inailainisha na kuipeleka kwenye chujio. Bolti zikaze kwa msalaba na kwa mkono mwepesi. Paipu ilie "ta!", kisha ivute kidogo uhakikishe imeshika.

Ninunue pampu nzima au mota peke yake?

Mota peke yake ni nafuu mara kadhaa na ndiyo inayokufa, kwa hiyo mimi hununua mota pamoja na chujio jipya la wavu la mguuni. Kuweka mota mpya kwenye chujio chafu ni kutupa pesa. Pampu nzima inunue kama plastiki imepasuka au kiboya kimechoka.

Gerezani na Shauri Moyo kwa Dar, au Kirinyaga Road kwa Nairobi, utaulizwa: mtumba au mpya? Mtumba wa Japani uliotolewa mbele ya macho yako ukajaribiwa unaweza kukufaa miaka. Mpya wa boksi lenye jina la Denso lakini bei ya chapati mbili, huo sina haja ya kuuelezea. Nenda na pampu yako ya zamani mkononi na namba ya chesisi kwenye simu. Muuzaji akikujaribia kwenye betri, iwe sekunde moja mbili tu. Pampu kavu inajisaga yenyewe.

Mpira mfupi ulio ndani umepasuka. Naweza kukata mwingine wowote wa mafuta?

Hapana. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kubeba petroli ndani, nje ukae mkavu. Ukiuzamisha unavimba na kupasuka baada ya muda, na presha inarudi tangini. Unaofaa kuzama huandikwa SAE J30 R10, nao ni ghali, ila unahitaji sentimita chache. Kwa waya ni hivyohivyo: usiunge kwa waya wa nyumbani na utepe ndani ya tangi. Tumia ule uliokuja na mota.

Nimefunga, haliwaki. Nimekosea wapi?

Kwanza, umeweka mafuta? Weka angalau lita 10. Paipu imejaa hewa, kwa hiyo piga stata sekunde 5 hadi 10, pumzika nusu dakika, rudia mara tatu nne. Likigoma bado, angalia soketi, fyuzi, na kama uligeuza chanya na hasi ulipobadilisha mota: pampu inayozunguka kinyume hulia vizuri kabisa na haileti presha. Oringi iliyoanguka mezani bila wewe kuiona nayo huleta shida hiyo.

Likiwaka, usirudishe siti. Liache lingurume dakika 10, angalia paipu na pete kwa tochi ndogo ya betri, pitisha kidole. Tone moja ni tone la kuzima gari na kufungua tena.

Kuna harufu ya petroli ndani ya gari tangu nimalize. Itaisha?

Ya matone yaliyoangukia zulia huisha kwa siku moja milango ikiwa wazi. Ikizidi hapo, au ikija hasa ukishajaza tangi, mpira wa mdomo haukukaa. Usiliendeshe, na usiweke manukato ya gari kuifunika.

Geji ya mafuta sasa inasoma nusu wakati nimejaza. Kwa nini?

Ulipoitoa au kuirudisha pampu, mkono wa kiboya umepinda au umegusa ukuta wa tangi. Inabidi ufungue tena. Safari hii utatumia nusu ya muda, na mpira wa mdomo uwe mpya tena.